Nasaba ni usemi: uhakiki wa zoezi la mti wa ukoo katika mafundisho ya Kiswahili

1. Utangulizi

Katika masomo ya Kiswahili na ya historia kuna zoezi moja ambalo walimu wengi hulipenda. Mwanafunzi hupewa karatasi yenye visanduku vilivyounganishwa kwa mistari. Chini kabisa huandika jina lake. Juu yake jina la baba na la mama. Juu zaidi majina ya babu wawili na bibi wawili. Na kuendelea hivyo hadi kumbukumbu ya nyumbani ikome. Hilo ndilo zoezi la mti wa ukoo. Sifa zake ni dhahiri: ni rahisi kulieleza, linampeleka mwanafunzi kwa wazee wake, na linampa nafasi ya kutumia maneno ya ujamaa ambayo vitabu vya sarufi huyapitia haraka.

Makala haya hayakusudii kulifuta zoezi hilo. Yanakusudia kulihakiki kama tunavyohakiki matini yoyote, yaani kuuliza limetoka wapi, linaona nini, na linaficha nini. Dai letu ni moja. Nasaba si habari inayochumwa juu ya mti kama tunda. Ni usemi unaotolewa na mtu fulani, mbele ya watu fulani, kwa haja fulani. Anayefundisha nasaba bila kufundisha namna ya kuuhoji usemi huo anampa mwanafunzi kisu kisicho na mpini. Na katika nchi yetu kisu hicho kimekwisha kuwakata watu wengi. Tutaonyesha jambo hilo kwa kupitia msamiati wa Kiswahili, masimulizi mawili yanayohusu ardhi ya Kongo, kisha sheria za uraia.

2. Zoezi limetoka wapi

Kuchora nasaba kwa utaratibu huu kuna historia yake. Mwaka 1898 daktari Mwingereza W.H.R. Rivers alikwenda pamoja na watafiti wenzake katika visiwa vya mlango wa bahari wa Torres, baina ya Australia na Guinea Mpya. Huko alianza kukusanya orodha za wazazi na wazazi wa wazazi, na mwaka 1910 alitoa makala yaliyoieleza mbinu hiyo kwa watafiti wengine. Rivers aliona kwamba, kwa kupitia majina ya watu halisi, mgeni asiyeijua lugha vizuri anaweza kufahamu kanuni za ndoa, za urithi na za ukaaji.

Jambo linalotuhusu zaidi ni tahadhari aliyoichukua. Ili maneno ya ujamaa ya wenyeji yasimchanganye, Rivers aliyaweka kando. Katika kuuliza kwake alitumia maneno machache tu: baba, mama, mtoto, mume na mke, tena kwa maana finyu ya uzazi. Kwa mgeni mwenye haja yake, tahadhari hiyo ilifaa. Lakini sisi tunapolichukua zoezi lile lile na kulitia katika darasa la lugha, tunajikuta tukifundisha ujamaa kwa chombo kilichoundwa makusudi ili maneno ya ujamaa yasiingie. Hapo ndipo kasoro ya kwanza ilipo.

3. Maneno yanayokataa visanduku

Tazama kwanza maneno yenyewe. Kiswahili kimepokea nasaba na shajara kutoka Kiarabu, na shajara ni mti. Lakini katika usemi wa kila siku picha zinazotawala ni nyingine: ukoo hugawanyika katika milango, na watu wa mama mmoja ni wa tumbo moja. Ndugu zetu Wakongo nao huliita tawi la ukoo vumu, yaani tumbo, au nzo, yaani nyumba. Mti unamwonyesha mtu mmoja amesimama peke yake katika kisanduku chake. Nyumba na tumbo vinawaonyesha watu wengi waliokaa pamoja.

Tazama pia mwelekeo. Tukishuka, Kiswahili sanifu kina neno kwa kila ngazi: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Tukipanda, baada ya babu na bibi mara nyingi inatubidi kuunganisha maneno: baba wa babu, mama wa bibi. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, neno nkambo linatosha kwa mzee aliyekaa hapa uwanjani na kwa mhenga ambaye hakuna aliyemwona. Lugha inamwona mzee akiwatazama wazao wake, ilhali zoezi linamtaka kijana ahesabu ngazi za kupanda.

Kisha kuna ndugu wa kando. Baba mkubwa na baba mdogo ni baba. Mama mkubwa na mama mdogo ni mama. Watoto wao ni ndugu. Yaya wa Lubumbashi ni mkubwa wangu, awe mwanamume au mwanamke, na neno hilo haliulizi kama tumetoka katika tumbo moja. Mwanafunzi anapoambiwa atenganishe baba aliyemzaa na baba waliomlea, huona haya, na mara nyingi huandika kitu ambacho nyumbani kwake kingehesabiwa kuwa tusi. Baadhi ya wanafunzi hukimbilia maneno ya Kifaransa, ambayo huwatia baba mdogo na mjomba katika kapu moja, ingawa watu hao wawili hawana haki sawa wala wajibu sawa.

Tofauti hiyo ni kubwa hasa katika Katanga ya Juu. Kwa Wabemba, Walamba, Wasanga na Wakaonde mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye sauti. Kwa Waluba, Wasongye na Watetela njia kuu ni ya baba. Kwa kanuni, basi, mtoto wa baba Mluba na mama Mbemba anadaiwa na koo mbili. Na mtoto wa baba Mbemba na mama Mluba anaweza kukosa ukoo unaomdai kwa nguvu. Karatasi ya visanduku haioni tofauti yoyote kati ya watoto hao wawili. Wenyewe wanaiona tangu utoto wao, katika matanga, katika mahari na katika urithi.

Majina pia yana kanuni zao. Mapacha wa Waluba wa Kasai huitwa Mbuyi na Kabanga; majina hayo yanaeleza namna walivyozaliwa, wala hayatuambii ni wa nani. Ndugu wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Mtoto aliyepewa jina la babu yake huweza kuitwa baba na baba yake mwenyewe. Zaidi ya hayo, mwaka 1972 siasa ya uhalisi iliwataka raia waache majina ya kikristo, wakaongeza majina ya wazee. Hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na jina moja katika kitabu cha ubatizo cha misheni na jina lingine katika karatasi za serikali. Anayefuata jina la ukoo kama wafanyavyo watafiti wa nasaba wa Ulaya hupotea njia katika kizazi cha pili.

4. Hamed bin Muhammed na bibi wa Utetera

Fasihi ya Kiswahili ina matini moja ambayo, kwa maoni yetu, inafundisha nasaba vizuri kuliko karatasi yoyote. Ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye kama Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Heinrich Brode aliyachapisha kwa Kiswahili na Kijerumani mwaka 1902 na 1903, baadaye W.H. Whiteley aliyatafsiri kwa Kiingereza, na mwaka 1974 François Bontinck akayatoa kwa Kifaransa. Matini hayo husomwa zaidi kama chanzo cha historia ya biashara ya pembe na watumwa. Hapa tunayasoma kwa ajili ya sehemu moja tu, inayotukia kabla msimulizi hajakutana na Cameron mwaka 1874.

Akiwa safarini msimulizi anapata habari za Kasongo Rushie, mtawala mzee wa Utetera, ambaye dada zake wawili walitekwa zamani na kupelekwa Urua. Baadaye anajitambulisha kuwa mjukuu wa mmoja wa wanawake hao. Anaeleza kwamba babu yake mzaa mama alifika Urua, akamnunua mwanamke, akamfanya suria, na kwamba mwanamke huyo ndiye aliyemzaa mama yake. Mzee Kasongo Rushie anampokea kama damu yake, na utawala wa Utetera unampita mkononi mgeni huyo.

Wanahistoria wamelihesabu dai hili kuwa la kubuni, na mpangilio wa masimulizi wenyewe unatusaidia kuona sababu: msomaji anaonyeshwa kwanza habari ilivyopatikana, kisha ilivyotumiwa. Lakini mhakiki asiishie kusema kwamba ni uongo. Na auangalie ufundi wake. Jina la msimulizi ni nasaba ya kiume tupu: Hamed, mwana wa Muhammed, mwana wa Juma, mwana wa Rajab, hadi nisba ya kabila la Oman. Katika jina hilo hakuna mwanamke. Huko Unguja mnyororo huo wa wanaume ndio uliompa heshima. Utetera haukuwa na thamani yoyote; kwa hiyo akaufungua mlango mwingine, mlango wa bibi, tena bibi aliyenunuliwa. Aibu ambayo pwani ingefichwa ikageuka kuwa hati ya ufalme.

Kuna upande wa pili pia. Dai hilo lisingefanikiwa kama mzee asingekuwa na haja ya kuliamini. Alikuwa na dada waliopotea, na utawala uliohitaji mrithi. Nasaba hii ilitungwa na watu wawili, aliyesema na aliyekubali. Mwanafunzi akilifahamu jambo hilo, anaweza kurudi nyumbani na kusikiliza kwa sikio jipya.

5. Kalala Ilunga na ubao wa lukasa

Masimulizi ya mwanzo wa ufalme wa Waluba yanatupa mfano wa pili. Nkongolo alikuwa mtawala mkali. Mbidi Kiluwe, mwindaji kutoka mashariki, alikuja akakaa kwake, akazaa na dada yake mtoto aitwaye Kalala Ilunga. Baadaye mwindaji akaenda zake. Kijana alipokua na kuwa shujaa, Nkongolo akataka kumwua. Kijana akakimbilia kwa baba yake, akarudi na jeshi, akamshinda mjomba wake na kuutwaa ufalme.

Ukichora mti wa watu hawa wanne, utamaliza kwa dakika moja na hutajifunza kitu. Kiini cha masimulizi kiko katika ugomvi wa mjomba na mpwa. Ufalme unaojivunia damu ya baba umeanza katika nyumba ya mama, na baba mwenyewe ni mpita njia. Masimulizi hayo yanajibu swali la haki ya kutawala, na yanalijibu kwa namna ambayo wenyeji na wageni wote wanapata nafasi.

Tena, Waluba walikuwa na chombo chao cha kuhifadhi kumbukumbu hizo: lukasa, ubao uliotiwa shanga na nakshi, uliosomwa na wajuzi wa chama cha mbudye. Ubao mmoja uliweza kusomwa kwa njia zaidi ya moja, kulingana na msomaji, wasikilizaji na shughuli yenyewe. Wajuzi hao hawakudhani kwamba nasaba hujisoma yenyewe. Jan Vansina, aliyetoa kitabu chake juu ya mapokeo simulizi mwaka 1961 na kukiandika upya mwaka 1985, alionyesha jambo linalokaribiana na hilo: jamii hukumbuka vizuri vizazi vya karibu, hukumbuka pia waanzilishi, na katikati hubaki pengo linalosogea kadiri vizazi vinavyopita. Mwanafunzi anayejaza visanduku vyote bila pengo hajafaulu zaidi ya wenzake. Huenda amejaza kwa sababu karatasi ilimlazimisha.

6. Tarehe nne

Sasa tuje kwenye jambo linaloifanya mada hii isiwe ya darasani tu. Katika nchi yetu, kupanda ukoo ni jambo la sheria. Katiba ya Luluabourg ya mwaka 1964 ilimtambua kuwa Mkongomani mtu ambaye mmoja wa wahenga wake alikuwa wa kabila lililokaa katika ardhi ya Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikalifuta jambo hilo na kurudisha kipimo nyuma hadi tarehe 1 Agosti 1885. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ikaweka kipimo katika uhuru, yaani mwaka 1960.

Katika miaka 40, basi, mti ule ule wa mtu yule yule umeweza kuhesabiwa mrefu wa kutosha, kisha mfupi, kisha mrefu tena. Wahenga hawakubadilika, waliobadilika ni wasikilizaji na haja yao. Hakuna ushahidi ulio wazi zaidi kwamba nasaba ni usemi. Wala hakuna ushahidi ulio mchungu zaidi, kwani vita vya mashariki vimelishwa na swali hilo.

Katanga nayo ina jeraha lake. Mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, uliundwa mwaka 1910. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini na kutoka Ruanda-Urundi. Watoto na wajukuu wao walizaliwa kambini, wakasoma hapa, wakazungumza Kiswahili cha hapa. Mwaka 1992 na 1993, katika jimbo lililoitwa Shaba wakati ule, maelfu kwa maelfu ya watu walioitwa Wakasai walifukuzwa makwao. Wengi walikuwa hawajapata kuiona Kasai. Waliulizwa babu yao alitoka wapi, na jibu likatosha kuwapandisha treni.

Mwalimu anayewaambia wanafunzi 50 waandike kijiji, sheferi na teritware ya babu zao, kisha wasome kwa sauti mbele ya wenzao, lazima ajue kwamba swali hilo limewahi kuulizwa mlangoni na watu wenye mapanga. Wapo pia wanafunzi waliozaliwa katika vita bila kujua baba, na wapo ambao wazee wao walikuwa watumwa na nyumbani jambo hilo halitajwi. Kwao kisanduku kitupu si kasoro ya utafiti.

7. Wahenga wa kazi

Kiswahili chetu kimekwisha kutoa jibu lingine kwa swali la asili. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji historia iitwayo Vocabulaire de la ville d'Elisabethville, iliyotolewa kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990. Matini hayo huwahesabu wazee waliotangulia kwa kazi waliyoifanya na mateso waliyoyapata katika nyumba za wazungu na katika kampuni. Wazee hao walitoka katika makabila mengi. Anayeandika ni mzao wao kwa sababu ameurithi mji na lugha waliyoijenga pamoja. Tahajia yake imewasumbua wasomi. Lakini nasaba anayoitoa haiwezi kumfukuza mtu yeyote wa Lubumbashi, na hilo si jambo dogo.

8. Tuseme pia haki ya mti

Ingekuwa dhuluma kumaliza bila kutaja faida ya zoezi tunalolihakiki. Nasaba ya ukoo huchagua: hufuata baba au mama, na kuwaacha wengine wote. Mti huhesabu pande zote sawa: wazazi 2, babu na bibi 4, kisha 8, kisha 16, katika kizazi cha kumi ni nafasi 1,024. Hakuna ukoo unaowataja wote hao, na hakuna mtu aliyetoka katika kabila moja kwa yakini ya kuweza kuapa. Mwalimu wa biolojia naye ana sababu nzuri ya kuuchora. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi kwetu huuita SS, hupatikana kwa kupokea chembe ya urithi kutoka kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wawili wenye chembe hiyo bila kuugua wana hatari ya 1 kwa 4 katika kila mimba. Ukoo unaomlaumu mama peke yake, au uchawi wa shangazi, hurekebishwa na mti uliochorwa vizuri.

Kwa hiyo mti na nasaba vinasahihishana. Mti unawaonyesha walioachwa. Nasaba inaonyesha kwa nini waliachwa.

9. Hitimisho na mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matano. Kwanza, mwanafunzi aandike, pembeni mwa kila jina, nani alimpa habari, lini, na katika shughuli gani: matanga, mahari, au ugomvi wa kiwanja. Pili, ukoo mmoja usikilizwe kutoka kwa wasimulizi wawili, mmoja wa upande wa mama, na tofauti zao zijadiliwe badala ya kusawazishwa. Tatu, maneno ya msimulizi yaandikwe kama alivyoyasema, iwe kwa Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu au cha Kisangani, bila kuyapeleka kwenye usanifu kabla ya wakati. Nne, mapengo yaachwe wazi, na mwanafunzi awe na ruhusa ya kuchagua ukoo mwingine, hata wa matini kama tulizozitaja. Tano, karatasi hizo zisisomwe mbele ya darasa wala zisihifadhiwe ofisini; baada ya kusahihishwa zirudi kwa wenyewe.

Zoezi likifanywa hivyo litachukua majuma kadhaa badala ya saa moja, na alama zitakuwa ngumu kutoa. Walimu wa Kiswahili tunaombwa tulibebe zoezi hili kwa sababu tunafundisha kusikiliza maneno na kuyapima. Mwanafunzi aliyekwisha kuuliza, mbele ya nasaba ya Hamed bin Muhammed, ni nani anayesema na anataka nini, ataliuliza swali hilo siku atakapomsikia mwanasiasa akiwahesabia watu wahenga wao.